Ujumbe wa Zahanati na Siri ya Kambi

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto unaolipa bonde jina lake hufurika wakati wa masika, na maji yanapotandaa mbugani vijiji vingi hubaki kama visiwa. Ardhi hiyo hiyo inayostawisha mpunga hustawisha na mbu. Kwa sababu hiyo mji wa Ifakara umekuwa kwa muda mrefu mahali pa kuchunguzia malaria. Maabara ndogo iliyoanzishwa hapo mwaka 1957 na Profesa Rudolf Geigy, kutoka Basel nchini Uswisi, ilikua hatua kwa hatua hata ikawa chombo cha Watanzania wenyewe, na tangu mwaka 2008 inajulikana kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara.

Kwa miaka mingi, mtu aliyetoka Ifakara kwenda Ulanga alivuka mto kwa kivuko. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, na mwanafunzi anayelipita leo akiwa ndani ya basi huenda asitambue kwamba fomu ya dawa ya zahanati ilipaswa kuvuka mto huo ikiwa ndani ya mfuko wa mtu. Fomu ikichelewa, na dawa huchelewa. Mtoto mwenye malaria kali hana wiki mbili za kusubiri.

Mwezi Septemba 2009 lilianza jaribio la kuiondoa safari hiyo ya karatasi. Liliitwa SMS for Life, likafanywa katika wilaya 3 za Tanzania Bara: Ulanga, Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, mpango wa dunia wa kupambana na malaria, na makampuni ya Novartis, Vodafone na IBM. Vituo 129 vya tiba viliingizwa. Kila wiki simu ya mkononi ya mhudumu wa afya ilipokea swali: zimesalia pakiti ngapi? Mhudumu alihesabu rafuni, akajibu kwa ujumbe mfupi usiomgharimu senti. Vilivyohesabiwa vilikuwa vitano tu, yaani aina 4 za pakiti za dawa mseto ya ALu, ambazo hutofautiana kwa uzito wa mgonjwa, pamoja na kwinini ya sindano. Mganga Mkuu wa Wilaya aliyaona majibu yote kwa pamoja, akaweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada hadi kituo kilichopungukiwa.

Jaribio lilidumu wiki 21. Katika wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Katika wiki ya mwisho vilikuwa 26. Majibu yalipatikana kwa wastani wa mara 95 katika kila 100 zilizotazamiwa. Kwa kazi iliyofanywa kwa simu za kawaida kabisa, zile za vitufe, hayo si matokeo ya kubezwa, wala haishangazi kwamba mpango huo ulienezwa baadaye katika vituo zaidi ya 5,000 nchini.

Kitu kisichokuwemo katika ujumbe

Hata hivyo, kuna jambo jingine katika jaribio hilo linalostahili kutazamwa na mwanafunzi wa sayansi, nalo halionekani katika takwimu. Ujumbe wa simu wa kawaida si bahasha iliyofungwa. Kati ya simu na mnara, ujumbe hufumbwa kwa kanuni ya hesabu. Lakini ukishafika ndani ya mtandao wa kampuni ya simu husomeka waziwazi katika mitambo inayoupokea na kuupeleka. Hata fumbo la kati ya simu na mnara lilikuwa limezeeka. Kanuni iliyotumika sana wakati huo, iitwayo A5/1, ilibuniwa mwaka 1987. Mwezi Desemba 2009, wakati wahudumu wa Ulanga wakiendelea kutuma hesabu zao za kila wiki, mtaalamu wa Kijerumani Karsten Nohl alieleza mbele ya mkutano mjini Berlin jinsi kanuni hiyo inavyoweza kuvunjwa kwa kompyuta za bei nafuu.

Je, wagonjwa wa Ulanga walikuwa hatarini? Hapana, kwa sababu ujumbe wao haukuwa na jina la mtu yeyote. Ulikuwa na hesabu ya pakiti. Mwizi ambaye angeunasa angejua kwamba zahanati fulani imebakiwa na dawa chache, habari ambayo kila mwanakijiji aliyerudi mikono mitupu alikuwa nayo tayari. Kinga ya kwanza ya siri, basi, ni kutoiandika pasipo lazima. Watu hupenda kununua kufuli kubwa kabla ya kujiuliza kama kuna haja ya kuweka kitu hicho sandukuni, na wabunifu wa mifumo ya kompyuta ni watu vilevile.

Si kila kazi ya tiba inayoweza kufanywa bila majina. Tangu mwaka 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakifuatilia kaya za vijiji kadhaa vya bonde hilo, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila kumtambua mtu yule yule kila anapotembelewa. Kwa hiyo katika tafiti za aina hii kila mkazi hupewa namba, na habari za afya hushikamana na namba hiyo. Orodha inayounganisha namba na jina huhifadhiwa mbali, kwa watu wachache. Ni kama kuikata noti vipande viwili na kuviweka katika nyumba mbili: mwizi wa nyumba moja hawezi kununua kitu.

Pakiti zile zile, katika kambi

Sasa msomaji aihamishe hesabu ile ile ya pakiti kutoka zahanati ya kijiji na kuiweka katika zahanati ya jeshi. Si kuihamisha mbali. Katika bonde hilo hilo, huko Chita, ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana wa kambini huumwa na mbu wale wale. Mitambo ya ndani ya jeshi haihusiki hapa, wala si mambo ya kuandikwa jaridani. Hoja ni ya hesabu tu, nayo ni sawa kwa jeshi lolote duniani.

Pakiti ya ALu ya mtu mzima ina vidonge 24: vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Pakiti moja ni mgonjwa mmoja. Kikosi kikituma ujumbe kwamba wiki hii zimetumika pakiti 40, mtu wa nje anayeunasa amekwisha kujua kwamba watu wazima 40 walilala kitandani. Akiunasa kwa wiki kumi mfululizo, atajua majira ya udhaifu wa kikosi. Zikionekana pia pakiti ndogo za vidonge 6, amejua kwamba kambini mna familia zenye watoto wadogo. Hakuna jina lililotajwa, wala neno la vita lililoandikwa, lakini nguvu ya kikosi imeanikwa. Habari isiyo siri mahali pamoja huwa siri kubwa mahali pengine, kwa sababu siri hutokana na yale ambayo msomaji anaweza kuyaunganisha nayo.

Historia ya nchi yenyewe inathibitisha uzito wa jambo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yaliyopigana katika Afrika Mashariki yaliangushwa na maradhi kuliko risasi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu kutoka Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari 1916. Ilipofika Oktoba waliobaki wenye afya ya kupigana walikuwa 116, ingawa kikosi hicho kilikuwa hakijapigana sana. Wapagazi Waafrika waliotumikia upande wa Waingereza walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu iliyo rasmi, wengi wao kwa kuhara, malaria na kichomi. Mahenge, mji uliopo juu ya bonde la Kilombero, ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Oktoba 1917 baada ya kampeni ambayo njaa na homa vilipigana pande zote mbili. Jemadari ambaye angeipata leja ya hospitali ya adui yake katika miaka hiyo asingehitaji jasusi mwingine.

Leja ya karatasi ilikuwa na ulinzi wake wa asili: ilikuwa moja, nzito, na mwizi alipaswa kuifikia kwa miguu. Simu imeuondoa ulinzi huo. Leja ya hospitali nzima huingia katika kifaa kinachotosha mfuko wa shati, na nakala yake husafiri kwa mawimbi ya redio ambayo kila mwenye chombo anaweza kuyapokea. Kwa hiyo lazima ulinzi utoke mahali pengine, na mahali hapo ni hisabati.

Fumbo na ufunguo

Fumbo moja la kale ni lile la kusogeza herufi. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, zikihesabiwa bila Q na X. Chukua namba ya siri, tuseme 10, na kila herufi ibadilishwe kwa ile iliyo nafasi 10 mbele yake. Ukifika Z, rudi A. Maneno DAWA HAMNA yatakuwa NKHK SKYZK. Asiyejua namba 10 ataona takataka tupu.

Lakini takataka hizo zina mdomo. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na hapa maneno yote mawili yameishia kwa K. Basi K ni irabu. Tena K imejitokeza mara 4 katika herufi 9, na irabu inayotumika kuliko nyingine zote katika Kiswahili ni A. Mvunjaji akidhania kwamba K ni A, amepata umbali wa nafasi 10, na ujumbe wote umefumbuka kabla chai haijapoa. Hata asingekuwa na akili hiyo, namba za kujaribu ni 23 tu. Walimu wa Kiswahili na walimu wa hisabati wangeweza kulifundisha somo hili kwa pamoja, jambo ambalo kwa bahati mbaya hutokea kwa nadra shuleni.

Mafumbo ya leo huchanganya ujumbe mara nyingi, kwa kanuni inayofanya mabadiliko ya herufi moja yaathiri kipande kizima, hata mazoea ya lugha yakatoweka. Kanuni iitwayo AES, iliyopitishwa rasmi nchini Marekani mwaka 2001 na kuenea duniani kote, inaweza kutumia ufunguo wenye biti 256. Idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Kuzijaribu zote si kazi ngumu. Ni kazi isiyokuwepo. Ajabu ni kwamba kanuni yenyewe imechapishwa na yeyote anaweza kuisoma. Ufunguo peke yake ndio unaofichwa, kama vile kila fundi anavyojua kufuli limeundwaje na bado mlango haufunguki.

Hapo lazuka swali ambalo liliwasumbua wataalamu kwa karne nyingi. Mganga wa zahanati na hospitali kuu wanahitaji ufunguo mmoja. Watapeanaje, ikiwa njia pekee baina yao ni hewa ambayo adui anaisikiliza? Jibu lilichapishwa mwaka 1976 na Wamarekani Whitfield Diffie na Martin Hellman, nalo ni zuri kiasi cha kustahili kufanywa kwa kalamu.

Pande zote mbili zinakubaliana hadharani juu ya namba mbili: namba tasa 19, na namba 2. Adui azisikie, haidhuru. Mganga anachagua namba yake ya siri, 5, asiyomwambia mtu. Anakokotoa 2 kwa kipeo cha 5, yaani 32, anagawanya kwa 19 na kuchukua baki, ambayo ni 13. Anaituma 13. Hospitali nayo imechagua siri yake, 7. Inakokotoa 2 kwa kipeo cha 7, yaani 128. Ikigawanywa kwa 19 baki ni 14. Inaituma 14. Sasa mganga anaichukua 14 aliyopokea na kuipandisha kwa kipeo cha siri yake, 5. Akigawanya kwa 19 anapata baki 10. Hospitali inaichukua 13, inaipandisha kwa kipeo cha 7, inagawanya kwa 19, nayo inapata baki 10. Wote wawili wana ufunguo 10, na namba hiyo haikupita hewani hata mara moja.

Adui amesikia 19, 2, 13 na 14. Ili aipate 10 hana budi kujua 2 ilipandishwa kwa kipeo gani hata baki ikawa 13. Kwa namba ndogo kama hizi atajaribu na kupata. Namba tasa inapokuwa na tarakimu mia sita na zaidi, kwenda mbele ni rahisi kwa kompyuta na kurudi nyuma hakuna njia ya haraka inayojulikana. Siri ya mgonjwa imekaa juu ya tofauti hiyo kati ya kwenda na kurudi.

Hilo ni nusu ya kazi. Mganga anajuaje kwamba aliyemtumia 14 ni hospitali, wala si tapeli aliyekaa katikati? Hapo hutumika sahihi ya kielektroniki, ambayo huthibitisha mtumaji kama muhuri wa ofisi unavyofanya, isipokuwa muhuri huu hauchongwi na fundi wa mtaani.

Mkono ulioishika simu

Siri nyingi hazipotei hewani. Hupotea pamoja na simu iliyosahauliwa kwenye kiti cha basi, au kwa neno la siri lililobandikwa ukutani juu ya meza ya sindano. Neno la siri la tarakimu 4 lina michanganyiko 10,000 tu. Linafaa endapo simu itajifunga baada ya makosa machache, na halina maana iwapo mtu anaruhusiwa kujaribu usiku kucha. Kwa hiyo kifaa cha tiba huhitaji kufumba pia habari zinazolala ndani yake, na ofisi inayokimiliki iweze kuzifuta kwa mbali mara tu kinaporipotiwa kupotea.

Mafuriko ya Kilombero yanaongeza sharti lake. Mtandao unapokatika kwa siku tatu, mgonjwa hakatiki. Kifaa hakina budi kuandika na kuhifadhi chenyewe, kikiwa kimefumba, kisha kutuma mnara ukirudi. Mfumo unaokataa kumfungulia mganga kwa sababu hauoni seva ya mbali ni mfumo uliobuniwa na mtu ambaye hajawahi kuona masika.

Jeshi la Marekani lilipoanzisha mwaka 2009 huduma iitwayo mCare, kwa ajili ya askari majeruhi waliorejea kuuguzwa nyumbani, liliamua kwamba ujumbe mfupi wa kawaida hautoshi. Makumbusho ya miadi na maelezo ya tiba yalipelekwa kwa programu iliyofungwa ndani ya simu ya askari mwenyewe. Uamuzi wa kutumia simu ambayo askari tayari anayo ulikuwa wa busara: chombo cha pili cha siri husahauliwa droo.

Lakini simu ya mtu binafsi ina mdomo wake. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, inayorekodi njia za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia inayong'aa mahali watu wanapofanya mazoezi. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha kwamba jangwani, mahali pasipo mji, zilionekana duara zinazong'aa: askari wakikimbia kuzunguka kambi zao. Hakuna fumbo lililovunjwa. Mwezi Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikataza matumizi ya vifaa vinavyoonyesha mahali katika maeneo ya operesheni. Kadhalika zahanati ya kambi ikituma ujumbe 10 kwa siku, kisha ghafla 90, hata kama kila ujumbe umefumbwa barabara, wingi wenyewe umesema. Dawa yake ni kutuma kwa saa maalumu, kwa ukubwa ule ule, kuwe na habari au kusiwe.

Nani asome?

Limebaki swali ambalo hisabati hailimalizi. Kamanda ana haki ya kujua ni askari wangapi wanaofaa kwa kazi kesho. Je, ana haki ya kujua ni nani mwenye kifua kikuu na nani mwenye virusi vya UKIMWI? Maadili ya uganga yanatenganisha mambo hayo: kamanda huambiwa huyu anafaa, huyu hafai kwa siku kadhaa, jina la ugonjwa hubaki kwa mganga. Tanzania ina Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008, inayolinda usiri wa matokeo ya vipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu habari za afya miongoni mwa zile nyeti.

Mfumo mzuri wa simu huweza kuyatekeleza hayo kwa kumpa kila mtumiaji ufunguo wa mlango wake tu. Tena huandika kila anayefungua: nani, saa ngapi, faili la nani. Wakati wa dharura, mgonjwa akiletwa hana fahamu, mganga yeyote aweza kuvunja kioo na kusoma kundi la damu na dawa zinazomdhuru, lakini jina lake litabaki limeandikwa kwamba alivunja.

Kijana aliyepo kambini anayejua kwamba homa yake itasomwa na kila mwenye cheo huinyamazia. Hujikaza gwaride mpaka aanguke, na malaria iliyotibika kwa pakiti moja imepanda kichwani. Kwake usalama wa simu ya mganga ni tofauti ya kwenda zahanati siku ya kwanza au siku ya nne.

Mazoezi

1. Fumbua neno VHTZTZT, lililofumbwa kwa kusogeza herufi nafasi 10 katika alfabeti ya herufi 24. Eleza jinsi ambavyo ungelifumbua bila kuambiwa namba 10.

2. Wanafunzi wawili wachague hadharani namba tasa 23 na namba 5. Mmoja awe na siri 6, mwingine 3. Waonyeshe darasa zima namba wanazotumiana, kisha kila mmoja akokotoe ufunguo peke yake. Wote wawili wapate 6.

3. Zahanati ya shule ya bweni hutuma kila wiki hesabu ya pakiti za ALu zilizotumika, bila majina. Orodhesha mambo ambayo mtu wa nje angeweza kuyajua kutokana na hesabu za muhula mzima, akiwa pia na kalenda ya shule mkononi.